Mwenye Kudai na Apime Kwanza



Juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo wengine watasema ni dogo mno kuandikiwa makala: katika nyumba yenye mita moja ya umeme na familia nyingi, nani alipe kiasi gani? Wanaosema ni dogo aghalabu ni wale wenye mita yao peke yao. Lakini kwa ndugu zetu wanaoishi katika nyumba za kupanga, iwe Mbagala ya Dar es Salaam au Nyakato ya Mwanza, jambo hili ndilo linaloamua kama majirani watasalimiana asubuhi, kama binti wa kazi ataendelea kuwa na ajira, na kama mama anayeuza barafu atabaki au atafungasha vyombo vyake.

Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema ili msomaji asipate taabu ya kuitafuta. Hakuna mtu mwenye haki ya kumtoza mwenzake, wala kumlaumu, kwa umeme ambao haujapimwa. Mwenye kudai ndiye mwenye wajibu wa kupima. Asiyetaka kupima, na anyamaze.

Tuitazame kwanza desturi yenyewe ilivyo. LUKU inakata usiku. Mlango unagongwa, mchango unapitishwa. Wa kwanza anasema alinunua yeye juzi. Wa pili anasema yeye hana friji. Wa tatu anasema kuna mtu humu ndani anapiga pasi nguo za ukoo mzima. Mwenye nyumba anatoka na kutangaza viwango vyake: mwenye friji shilingi kadhaa, mwenye pasi shilingi kadhaa, mwenye sabufa shilingi kadhaa, mwenye jiko la umeme hatakiwi kabisa. Ukimwuliza viwango hivyo amevipata wapi, jibu ni kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Hakuna aliyepima kitu. Kila mmoja amekisia, na makisio ya mwenye sauti kubwa yamekuwa sheria kwa mwenye sauti ndogo.

Nani katika ua ule mwenye sauti ndogo? Si fundi mwenye pikipiki anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ni mwanafunzi wa chuo, ni binti wa kazi, ni mjane, ni mpangaji mgeni aliyehamia mwezi uliopita. Kazi yangu hunifikisha katika nyua nyingi za namna hiyo, na mara chache nimeona lawama ya umeme ikimwangukia mtu mwenye nguvu. Hilo peke yake lilipaswa kututia shaka. Umeme haujui cheo cha mtu. Iweje basi mlaji wake awe siku zote ni yule asiyeweza kujitetea?

Babu zetu wa pwani hawakuvumilia mambo ya namna hii katika nafaka. Walikuwa na kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mtu hakumwambia mwenzake, “Naona kama mchele uliochukua ni mwingi, nilipe.” Kibaba kililetwa, mchele ukapimwa mbele ya macho ya wote wawili, na maneno yakaisha. Umeme nao ulianza kuuzwa kwa kupimwa. Wateja wa mwanzo wa Thomas Edison kule New York, katika miaka ya 1880, walihesabiwa kwa mita ya ajabu: mabamba ya zinki yaliyozamishwa katika chupa ya maji yenye chumvi ya zinki. Umeme ulipopita, zinki ilihama kutoka bamba moja kwenda jingine. Kisha mtu wa kampuni aliyachukua mabamba hayo na kuyaweka kwenye mizani, na uzito uliohama ndio uliokuwa deni. Naam, umeme ulipimwa kwa mizani kama nyama! Kasoro ya mita ile ilikuwa kwamba mteja hakuweza kuisoma mwenyewe. Ilimbidi aamini neno la kampuni. Mwaka 1889 mhandisi wa Hungaria, Ottó Bláthy, alitengeneza mita ya mkondo geu, na ukoo wake ndio uliotupatia mita za kisahani kinachozunguka ambazo wazee wetu walizizoea ukutani. Sasa mtu aliweza kusoma tarakimu kwa macho yake. Ajabu ni hii, kwamba zaidi ya miaka 130 baadaye, sisi ndani ya nyua zetu bado tunalipa kwa kuamini neno la mtu.

Kwa nini makisio yetu hukosea? Kwa sababu tunachanganya vitu viwili: nguvu ya chombo, na umeme unaotumika. Nguvu hupimwa kwa wati, nayo imeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Umeme uliotumika ni wati zikizidishwa kwa muda; wati 1,000 kwa saa moja ndiyo ile tunayoiita uniti. Chombo chenye wati nyingi kinachofanya kazi dakika chache huweza kutumia kidogo kuliko chombo chenye wati chache kisicholala usiku na mchana. Kelele na joto hutudanganya. Pasi inachoma, kwa hiyo tunaiogopa. Friji inanguruma polepole pembeni, nasi tunaisahau.

Tufanye hesabu. Chukua pasi ya wati 1,200 inayotumika dakika ishirini kila asubuhi. Pasi haiwaki muda wote. Ikishapata joto hujikata na kujiwasha. Tuseme inawaka asilimia 60 ya muda huo. Hiyo ni uniti 0.24 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni uniti zipatazo 6 kwa mwezi. Sasa chukua friji ndogo ambayo mashine yake ni ya wati 100 tu, lakini inafanya kazi asilimia 40 ya saa 24. Hiyo ni karibu uniti moja kila siku, yaani uniti 29 kwa mwezi. Chombo chenye wati 100 kimetumia karibu mara tano ya chombo chenye wati 1,200! Na je, simu zile ambazo wenye nyumba wengine wanazitoza kwa kichwa? Betri ya simu ya milliampea-saa 5,000 hubeba nishati ya wati-saa 19 hivi. Hata ukihesabu upotevu wa chaja, kuichaji kila siku kwa mwezi mzima hakufikishi uniti moja.

Kisha tutoke nje, tuitazame ile taa ya barazani. Ikiwa ni taa ya zamani ya wati 60, nayo inawaka saa 12 kila usiku, inatumia uniti 21 na zaidi kwa mwezi. Ni zaidi ya mara tatu ya pasi ya yule binti. Ikibadilishwa kwa taa ya LED ya wati 9, matumizi hushuka hadi uniti 3 na kidogo. Taa ile ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba, inalinda nyumba yake na gari lake, wala haimo katika orodha ya viwango vyake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Najua mtu atasema: “Hizo ni hesabu za karatasi, friji yangu siyo hiyo.” Amesema kweli kabisa, na ndiyo maana nasema tupime. Friji ile ile ikiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari haitumii umeme sawa na ikiwa Njombe mwezi wa Julai. Friji ambayo mpira wa mlango umechakaa huingiza joto mfululizo, mashine isipumzike kabisa. Ile ya wati 100 ikifanya kazi saa zote 24 hula uniti 2.4 kwa siku. Mwenye friji hiyo anaonekana mlafi, kumbe ana chombo kigonjwa ambacho fundi angekitibu kwa kubadili mpira. Makisio yangemhukumu, kipimo kingemponya.

Chombo cha kupimia kipo, na si cha wataalamu tu. Ni plagi erevu, kijisanduku kinachochomekwa kwenye soketi, kisha friji au pasi ikachomekwa juu yake. Ndani yake mna sakiti inayopima volti na mkondo mara nyingi kila sekunde, ikizidisha na kujumlisha kadiri muda unavyokwenda. Matokeo hupelekwa kwa Wi-Fi hadi kwenye simu janja: wati za sasa hivi, na jumla ya uniti tangu ulipoanza kupima. Wapo pia ndugu zake wasio na mtandao wowote, wenye kioo kidogo cha tarakimu, ambao kwa kazi ya uani wanatosha kabisa. Kimoja kinatosha nyumba nzima. Juma hili kikae kwenye friji ya chumba cha kwanza, juma lijalo kwenye televisheni ya chumba cha tatu.

Lakini kipimo nacho kina adabu zake, na asiyezijua atazua dhuluma mpya kwa jina la sayansi. Kwanza, asipime friji kwa dakika kumi akatangaza matokeo, maana huenda ameikuta imepumzika au imeanza tu. Apime saa 24 kwa uchache, na juma zima ni bora zaidi. Pili, asome wati na uniti, asisome ampea peke yake. Katika vyombo vyenye mota, volti zikizidishwa kwa ampea hutoa namba kubwa kuliko umeme halisi unaolipiwa. Tatu, asiziamini sana tarakimu za vitu vidogo mno. Plagi nyingi hukosea zikipima wati moja au mbili. Nne, aangalie uwezo wa plagi yenyewe. Soketi zetu za matundu matatu ya mstatili ni za ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa volti 230, ilhali plagi erevu nyingi ni za ampea 10, yaani wati 2,300. Kuchomeka pasi ya wati 2,400 kwenye plagi ya namna hiyo ni kualika moto. Tano, hita ya kuogea iliyounganishwa moja kwa moja ukutani haipimiki kwa plagi. Hiyo ipimwe kwa mita yenyewe: zimeni vyote, washeni hita peke yake, kisha hesabuni mimweko ya kile kitaa chekundu. Ikiwa mita imeandikwa 1,000 imp/kWh, kila mmweko ni wati-saa moja, na mimweko 1,000 ni uniti moja. Hata asiye na senti ya kununua plagi anaweza kupima kwa njia hii, almuradi awe na saa na subira.

Kipimo hakitafuti kumpendelea maskini. Mama mwenye friji la kugandisha barafu za kuuza, akipimwa, huenda akaonekana anatumia umeme kuliko vyumba vitatu vikiunganishwa, naye alipe, maana umeme ule ni mtaji wake. Lakini alipe uniti alizotumia, asilipe uniti zake pamoja na hasira za majirani. Naye akishajua gharama ya kweli ya barafu yake, atajua pia kama biashara inamlipa au anajichosha bure. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kadhalika kipimo hutusaidia kuacha vita na adui asiyekuwapo. Kwa miaka mingi tumehubiriwa kuchomoa chaja ya simu ukutani kana kwamba ndiyo inayotufilisi. Ukweli ni kwamba dunia imekwisha kulishughulikia jambo hili kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kwamba chombo kilicho katika hali ya kusubiri kisizidi wati moja. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2008, ukaweka kikomo cha wati moja tangu 2010 na nusu wati tangu 2013. Nusu wati mwaka mzima ni uniti 4 na kidogo. Basi televisheni mpya iliyozimwa kwa rimoti si mwizi. Lakini pima king'amuzi chako. Baadhi ya ving'amuzi, vikiwa “vimezimwa” kwa rimoti, huendelea kula karibu wati zilezile. Kama ni wati 10 kwa saa 20 za siku ambazo hakuna anayetazama, hizo ni uniti 6 kwa mwezi, sawa na pasi ya binti tuliyemlaumu. Kikulacho ki nguoni mwako, wala hutakiona kwa kukisia.

Hapa sina budi kuwataja wale wanaofanya biashara kwa ujinga wetu: wauzaji wa visanduku vinavyodaiwa “kupunguza LUKU kwa nusu.” Unakichomeka ukutani, kitaa cha kijani kinawaka, umekwisha kuokoka! Ndani ya vingi vya visanduku hivyo mna kapasita na taa, basi. Kapasita huweza kweli kupunguza ampea za chombo chenye mota, lakini mita ya nyumbani haikutozi ampea. Inakutoza uniti za umeme halisi, na hizo hazipungui. Yeyote mwenye plagi ya kupimia anaweza kuwaumbua mchana kweupe: apime feni bila kisanduku, kisha na kisanduku, asome wati. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mmekwisha kupata jibu.

Sasa nije kwenye dhuluma iliyo kubwa kuliko zote hizi, ambayo haionekani mpaka mtu achukue kalamu. Kwa mujibu wa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa TANESCO aliyewekwa katika kundi la matumizi madogo la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, ilhali mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Ukiongeza kodi na tozo za asilimia 22, ni shilingi 122 kwa mmoja na shilingi 356 kwa mwingine. Bei ile ndogo iliwekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo. Lakini weka familia nne zinazotumia uniti 40 kila moja nyuma ya mita moja: mita inaona uniti 160, haioni familia nne. Inaona tajiri mmoja! Zinalipa takribani shilingi 57,000 kwa mwezi. Kila moja ingekuwa na mita yake katika kundi la D1, zote nne kwa pamoja zingelipa shilingi 19,520. Zaidi ya shilingi 37,000 zinapotea kila mwezi kwa sababu tu watu wadogo wamehesabiwa kama mtu mmoja mkubwa. Wakati huo wote wao wanagombana juu ya pasi.

Ongezeni na hili: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa LUKU. Mpangaji anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi anaona uniti zimepungua, naye anaapa kwamba kuna mtu usiku kaiba. Hakuna aliyeiba. Amelipa kodi ya jengo lisilo lake, na hakuna aliyemwambia. Mwenye nyumba mwaminifu angelirudisha fedha ile kwenye mchango bila kuombwa.

Nayajua mapingamizi. La kwanza ni kwamba kupimiana ni uchoyo, kwamba sisi ni watu wa undugu na ujirani, hatuhesabiani. Ningelikubali pingamizi hili kama kweli tungekuwa hatuhesabiani. Lakini tunahesabiana kila siku, vichwani mwetu, kwa vipimo vya chuki. Kila mmoja anajua jirani amewasha nini na kwa muda gani. Anahesabu bila namba. Anayetaka kumsamehe jirani yake umeme, na amsamehe, hilo ni jema. Lakini ili usamehe deni sharti ulijue. Kusamehe deni ulilolizua mwenyewe ni maringo tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Plagi erevu inayotuma habari kwenye simu humwambia mwenye simu ile mambo mengi: unaamka saa ngapi, unarudi saa ngapi, umelala nje au ndani. Nyingi hutuma habari hizo hadi kwenye kompyuta za watengenezaji zilizo ng'ambo. Tena mwenye simu anaweza kuzima soketi akiwa mbali. Fikirini mwenye nyumba mwenye uwezo wa kumzimia mpangaji friji akiwa kitandani kwake, kwa sababu kodi imechelewa siku mbili! Hilo si kipimo, ni mnyororo. Basi nasema wazi: kipimo kiwe mikononi mwa anayepimwa. Plagi iunganishwe na simu ya mpangaji mwenyewe, au itumike ile yenye kioo isiyo na mtandao, na matokeo yasomwe mbele ya wote. Mwenye nyumba anayetaka kujua mfululizo, na aweke mita ndogo kwa kila chumba, ukutani, mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kuisoma.

Pingamizi la tatu ni la wenye nyumba wanaopiga marufuku majiko ya umeme. Kama nyaya za nyumba ni mbovu, marufuku hiyo ina busara, ingawa dawa yake ya kweli ni kutengeneza nyaya. Lakini wengi hawazungumzii nyaya, wanazungumzia ulaji. Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo litatimizwaje ikiwa mlangoni mwa nyumba ya kupanga limesimama katazo lisilopimwa? Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linaonekana jitu la kutisha. Lakini likishapata presha hujikata na kukaa kimya kwa sehemu kubwa ya muda, kwa kuwa limezibwa vizuri na joto halitoki. Nusu kilo ya maharage hupikwa kwa chini ya nusu uniti, yaani chini ya shilingi 180 hata kwa bei ile kubwa. Linganisheni na bei ya mkaa wa kuivisha sufuria hiyohiyo mtaani kwenu, msisahau na moshi wanaouvuta watoto. Mama anayekatazwa jiko hilo kwa makisio ananyang'anywa fedha na pumzi.

Basi tufanyeje? Yaliyo ndani ya uwezo wetu ni machache na mepesi. Wapangaji wa ua mmoja wachange wanunue kipimo kimoja. Kila chombo kikubwa kipimwe juma zima, mwenye chombo akiwapo, na uniti ziandikwe katika daftari moja linaloonekana na wote. Taa za nje na pampu ya maji ziandikwe kwa jina la mwenye nyumba au zigawanywe kwa makubaliano, zisifichwe. Mchango wa kila chumba utokane na daftari, na upimwe upya chombo kikibadilishwa au joto la mwaka likibadilika. Na penye uwezekano, waombe mita zao wenyewe, kwa kuwa hesabu ya uniti 160 inaonyesha faida iko wapi. Mpaka daftari hilo lipatikane, viwango vya kubuni visimame, na lawama pamoja navyo.

Kwa wenye nyumba nina neno moja zaidi. Mnaposema “hapa kwangu pasi ni elfu tano,” mnatangaza bei ya kitu msichokijua. Ile pasi ya uniti 6, hata kwa shilingi 356 kwa uniti, ni shilingi 2,200 hivi. Zile 2,800 zilizobaki ni za nani? Mfanyabiashara anayeuza sukari kwa mizani iliyochezewa tunamwita mwizi, na wakala wa vipimo humfuata. Anayeuza umeme bila mizani yoyote tumwiteje?

Na kwa wapangaji: msingoje mlalamikiwe ndipo mpime. Pimeni leo, mkiwa bado mnasalimiana. Binti yule aliyesimama na pasi mkononi, macho chini, akisikiliza hesabu ambazo hakuna aliyezifanya, hahitaji huruma yetu tu. Anahitaji mtu mmoja katika ua ule wa kusema kwa sauti: “Kabla hujamtoza, tuonyeshe umepima wapi.”